Mstari wa Sita, Lango la Milimani

Jumanne, 8 Aprili

Mvua: milimita 20. Nimesoma kipimamvua saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Masika yameingia kweli. Dada wa duka la dawa analala Kinondoni, anasema kwao hata vumbi halikulala. Hapa Pugu milima huvuta mawingu, mvua yetu tunanyeshewa peke yetu.

Uwanja umenyonya vizuri. Maji yalisimama sehemu mbili tu: kwenye kona ya geti na mbele ya benchi la wageni. Mzee Shomari, msaidizi wangu, kachoma uma, yakashuka. Lango la barabarani safi. Lango la milimani –

Kuna mstari.

Niandike taratibu. Hatujachora chochote tangu uwanja ufungiwe Desemba. Mistari ya zamani ilikwisha kufutika yote, ni nyasi tupu. Lakini mbele ya lango la milimani kuna mstari mweupe, mnyoofu, upana wa sentimita kumi na mbili, sambamba na goli. Kama ule wa boksi dogo, ambao wachezaji wanauita mstari wa sita.

Nikamwuliza Shomari nani kachora. "Bosi, nani achore, na chokaa iko stoo na funguo unalalia wewe?"

Nikavuta futikamba. Mstari wa sita, yaani yadi sita, unatakiwa kuwa mita 5.50 kutoka goli. Huu uko 5.10.

Nadhani ni ule udongo wa mwaka jana. Ulizama, mvua imeupandisha. Saa nne jua lilipotoka haukuonekana tena.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuna mvua.

Barua imekuja! Uwanja umefunguliwa. Tutacheza nyumbani Jumamosi tarehe 26, na televisheni watakuwepo. Bwana Juzer, meneja wa uwanja, kashuka ngazi mbili mbili na kofia yake ya uzi wa dhahabu imekaa upande. "Dada Demetria, siku kumi na saba! Tukiharibu hii, timu itamalizia msimu mkoani, na sie tutabaki kufuga mbuzi humu." Shomari akasema mbuzi wana shukrani kuliko mashabiki.

Kipa mpya kaanza mazoezi. Anaitwa Isack, miaka ishirini na moja, mrefu kama mlingoti. Akanipa shikamoo akiwa bado mbali, akauliza goli gani ni la kwake. Nikamwambia kipa ana magoli mawili, kipindi hiki na kipindi kile. Akacheka. Akaenda lango la milimani.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua: milimita 24.

Mstari umerudi. Uko 4.62.

Nilipima mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia Shomari asome yeye. "Nne sitini na mbili," akasema. "Juzi ulikosea, basi. Nyie Wahaya hata tope mnataka liwe na cheti."

Sikukosea. Mimi sikoseagi kupima.

Nimeiandika sentensi hiyo halafu nikaiangalia muda mrefu. Maana kuna siku sikupima kabisa.

Ni humu tu ninamoweza kuliandika hili. Novemba mwaka jana tuliletewa chokaa mbichi, ikambabua mchezaji paja. Tukaiacha. Mechi ilibakiza siku mbili. Nikaenda machimboni nyuma ya kilima, nikachukua udongo mweupe, ule laini kama unga wa muhogo. Nikaukoroga na maji na gundi kidogo ya seremala. Mistari ikang'aa ajabu! Bwana Juzer akapiga picha. Mtangazaji akasifia mpaka nikaona haya.

Ukilowa unateleza kama sabuni. Nililijua hilo Ijumaa jioni, nilipoukanyaga na ndoo mkononi, soli ikakimbia. Nikajiambia: wao wana njumu.

Jumamosi tarehe 23 Novemba mvua ilinyesha asubuhi. Kwenye fomu ya hali ya uwanja kuna sehemu ya vipimo na sehemu ya utelezi. Vipimo nilinakili vya jana yake. Utelezi nikaandika: Hakuna. Nikasaini. Dakika ya 71, kona. Kipa wetu Valerian akatoka kuufuata mpira, mguu ukatua kwenye mstari wa sita, ukamkimbia. Alitua kwa shingo. Hajatembea tangu siku ile.

Taarifa ilisema ni mvua. Watu wote wakasema ni mvua. Nami nikaitikia, mvua. Kwamba tulichora kwa udongo, Juzer na Shomari wanajua. Kwamba unateleza nilijua mimi peke yangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuna mvua. Joto kali.

Tumechimba. Mfereji mbele ya lango la milimani, pale pale kwenye 4.62. Upana nusu mita, kina sentimita arobaini. Tumetoa toroli 61 za udongo. Tumejaza mchanga, tumepandikiza ukoka wa nyuma ya jukwaa, tumepitisha rola. Shomari kalalamika tangu toroli la kwanza. Kachota udongo mkononi, kaniuliza, "Sasa huo weupe uko wapi, mama?"

Nikapekua kwa vidole. Udongo mwekundu mtupu, mpaka chini. Sikuona hata chembe.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua: milimita 41.

Jumapili ya Matawi. Nimepitia uwanjani nikitoka misa ya kwanza, makuti bado mkononi.

Mfereji wetu umetulia, ukoka umeshika. Mstari uko mbele yake, kwa upande wa goli. 3.80.

Udongo mweupe ukilowa hufifia, ukikauka hung'aa. Huu unafanya kinyume. Umelowa na unang'aa.

Yangeyange walikuwa wameshuka kuokota nyungunyungu, kumi na mmoja. Walitembea kutoka katikati ya uwanja, wakainama, wakameza, wakasogea. Walipofika kwenye mstari waligeuka. Wote. Sikuona hata mmoja aliyeuruka. Kati ya mstari na goli nyungunyungu walikuwa wamejaa juu ya nyasi, hawana mtu wa kuwala.

Nilikaa pale kama nusu saa. Gauni lote limelowa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua: milimita 15. Mstari: 3.50.

Jioni nimeketi na daftari. Nimepanga mvua upande huu, mwendo wa mstari upande ule. Nilitegemea nione fujo. Hakuna fujo.

Mvua 20, umesogea sentimita 40.
Mvua 24, sentimita 48.
Mvua 41, sentimita 82.
Mvua 15, sentimita 30.

Sentimita mbili kwa kila milimita moja. Haukosei. Ningekuwa na kibarua anayefanya kazi hivi ningempandisha cheo.

Zimebaki mita tatu na nusu kufika kwenye goli. Hiyo ni mvua ya milimita 175. Masika ya hapa hayahitaji hata siku kumi. Mechi ni baada ya siku kumi.

Mstari ukifika golini utakuwa pale pale kipa anaposimama.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Hakuna mvua jana na leo.

Baada ya ibada ya Msalaba nimekwenda Mwenge kumwona Valerian. Sikuwa nimekwenda tangu Januari. Nilijiambia njia nzima: leo unasema. Nilikuwa na machungwa na neno moja.

Nyumba iko nyuma ya soko la vinyago. Kwa sikukuu patasi zilikuwa kimya. Mama yake, mama Sesilia, alikuwaga karani wa mahakama, bado anasimama wima kama anasoma hukumu. "Karibu mwanangu. Leo utakula samaki, nyama tutaonana nayo Jumapili."

Valerian wamemlaza dirishani. Mikono imekwisha. Uso ni ule ule. "Mama Demi! Nyasi zangu hazijambo?"

Nikasema hazijambo, zimekusalimu. Tukacheka kidogo. Akauliza habari za kipa mpya. Halafu akaniuliza, bado mnachora kwa ule udongo mweupe?

Nikasema hapana.

"Mmekosea. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa unaonekana hata mvua ikinyesha." Akatazama dirishani. "Kitu kimoja tu sielewi, mama. Kipa haangaliagi chini. Anahesabu. Mimi huwa nakanyaga hatua nne halafu naruka. Hatua ya nne inatua kabla ya mstari wa sita, tena mbali, karibu mita nzima kabla. Siku ile nilipokanyaga ya nne, mstari ulikuwa chini ya mguu wangu. Nikiwaambia, wanasema ni kichwa kiligonga."

Nikafungua mdomo niseme. Mama Sesilia akaingia na sahani ya samaki. Nikala. Nilikula samaki wote!

Kwenye kunisindikiza mama Sesilia akanishika mkono getini. Anasema kuna usiku Valerian anaongea usingizini, anataja namba. Anadhani ni dawa. Alfajiri ya Jumapili alisema tatu nukta nane. Jumatano akasema tatu na nusu, akarudia, kama mtu anayemsomea mwenzake aandike.

Nikamwuliza kama mvua ilikuwa inanyesha.

"Huku kwetu? Hata tone."

Nimefika nyumbani, nimefungua daftari la mwaka jana. Tarehe 23 Novemba, asubuhi: milimita 40. Mara mbili ni sentimita 80. Mita 5.50 kutoa 0.80 ni 4.70. Kwa hiyo siku ile ulikuwa umeshasogea, unang'aa pale mbele ya macho yangu, nami nikaandika 5.50 kwa sababu jana yake ulikuwa 5.50.

Ningepima ningeona.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mvua: milimita 60. Mstari: 2.30.

Mvua kubwa. Barabara ya reli imekatika kwa saa mbili. Uwanja wenyewe unapendeza – yaani sijawahi kuuona umekunywa maji vizuri namna hii. Ukoka umesimama, mpira unadunda. Ukimleta mtu yeyote atasema ni zulia.

Nimechoma nondo ya kupimia unyevu. Katikati ya uwanja imeingia sentimita 9, imetoka na tope. Kwenye mstari imeingia yenyewe, nimeishika tu kwa vidole viwili isipotee. Nilipoivuta ilitoka kavu. Kavu! Baada ya milimita 60. Nikaipangusa kwenye kanga yangu, haikuacha alama.

Nikapanda ofisini kwa Bwana Juzer, sikukuu hiyo hiyo, yeye yupo. Nikamwambia lango la milimani halijatulia, tuombe mechi isogezwe wiki mbili.

"Halijatulia vipi, linacheza singeli?"

Nikasema chini kuna ulaini.

"Sista, mkaguzi kapita Alhamisi. Kadundisha mpira kila pembe, kasema Dar nzima hajaona kama huu. Mie niwapigie simu watu wa televisheni niwaambie nini? Kwamba mtunza uwanja wangu ana wasiwasi?"

Nikasema ndiyo, waambie hivyo.

Hakucheka. Akaenda dirishani, akasimama amenipa mgongo, anatazama nje muda mrefu. Halafu akasema, sauti ya chini, "Chora mistari Jumatano. Chokaa nzuri imekuja."

Sikutamka udongo. Lilikaa mdomoni kama kokwa ya ubuyu, nikashuka nalo ngazi zote.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua: milimita 35. Mstari: 1.60.

Tumechora. Nilivuta kamba, Shomari akasukuma kigari cha chokaa. Pembeni, katikati, duara, boksi kubwa la barabarani, boksi dogo la barabarani. Tulipofika lango la milimani akaweka kigari chini.

"Hapa chora wewe."

Nikamwuliza kwani anaona nini.

"Sioni kitu. Ndiyo maana sipiti."

Mtu mzima, miaka hamsini na saba, mzaliwa wa hapa hapa. Sikubishana. Nikamwamkia upya kana kwamba ndiyo tumekutana, shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akageuka kwenda stoo. Nikachora mwenyewe. Sita nikaiweka 5.50 kamili. Kwa hiyo sasa boksi dogo lina mistari miwili: wangu, wa chokaa, na ule. Wangu ndio unaoonekana mchafu.

Isack kaja wakati nakunja kamba. Kasimama hatua mbili mbele ya goli, kageuka, karuka, kagusa mwamba. Kabla hajageuka, kisigino chake cha kulia kilikuwa kimekanyaga ule mstari. Nikaacha kukunja kamba. Akashuka salama, akaburuza njumu, akachora kialama chake cha katikati kama makipa wanavyofanya.

"Mama, leo umenichorea vizuri."

Nikamwuliza, huoni kitu hapo chini?

Akaangalia. Kweli aliangalia, kwa adabu, kama unavyomwangalia mtoto wa mwenzio. "Naona kazi yako, mama."

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua: milimita 45. Mstari: 0.70.

Zimebaki milimita 35. Utabiri wa redio: mvua kubwa ukanda wa Pwani, leo usiku na kesho.

Saa tano simu ya mama Sesilia. Anasema Valerian kaamka anataka kuongea nami, hataki chai, hataki kugeuzwa, mpaka aongee. Akamwekea simu sikioni. Niliisikia pumzi yake kwanza.

Kauliza kesho nani anakaa golini. Nikamwambia Isack. Kauliza ana umri gani. Nikamwambia.

"Mwambie asitoke kwenye kona."

Nikasema nitamwambia. Kisha nikasema, "Valerian, kuna jambo." Akasema, "Najua kuna jambo, mama. Mwambie tu dogo." Akaanza kukohoa, mama yake akachukua simu.

Anajua nini? Anajua mstari au ananijua mimi?

Nimemfuata Isack mazoezini. Alikuwa na wenzake wawili. Nikamwambia, mwanangu, kesho kwenye lango la milimani usitoke kwenye kona. Baki.

Wakacheka wote watatu. "Kipa asiyetoka kwenye kona huyo ni mlinzi wa geti, mama! Nipe na kirungu kabisa." Mwenzake akasema mama Demi amepewa kitu na wapinzani. Isack akamnyamazisha, akanishika bega. Kaniuliza kwa nini. Kwa upole tu. Kwa nini, mama?

Alinipa mlango wazi. Nikasema, "Patateleza."

"Basi nitavaa njumu ndefu."

Na hata asipotoka. Nimepiga hesabu. Kesho hatakuwa na haja ya kuufuata, utakuwa umemfikia.

Jumamosi, 26 Aprili

Saa 12.15 asubuhi. Mvua: milimita 14. Mstari: 0.42.

Nimelala stoo. Mabati yamepiga kelele tangu saa tisa.

Saa 3.00. Jumla milimita 22. Mstari: 0.26. Nimepima kwa magoti. Nyasi ya pale ina ubaridi wa peke yake, inapita gauni na kitenge. Vyura wanalia uwanja mzima isipokuwa golini.

Saa 5.00. Jumla milimita 30. Mstari: 0.10. Shomari kaleta chai na vitumbua, kaviweka mlangoni, hakuingia. Anasema watu wa televisheni wamefunga kamera moja nyuma ya lango la milimani. Wanapenda milima ionekane.

Mvua imekuwa ya manyunyu.

Saa 6.40. Jumla milimita 35. Imekatika. Ghafla, kama mtu aliyefunga bomba.

Nimekwenda. Sikuuona. Nilizunguka lango nikainama mara nne. Kisha nikaelewa: umeingia chini ya mstari wetu wa goli. Upana ule ule, chokaa juu, wenyewe chini, nyeupe na nyeupe. Nikaweka gambuti langu pale kati ya milingoti miwili, taratibu, sikuegemea kitu. Mguu ukaondoka. Haukuteleza kama unavyoteleza kwenye tope – uliondoka, kama umevutwa na mtu mwenye subira. Nilidaka mlingoti. Bega linauma hadi sasa.

Saa 8.00 mchana. Mwamuzi kafika na wasaidizi wake. Wametembea uwanja wote na mwavuli. Kadundisha mpira katikati, kwenye boksi, kwenye kona. Pale kwenye goli kauviringisha, ukapita vizuri. Kasema hongera mama, nimechezesha nchi nzima, hapa mmenipa raha. Jua limetoka. Ukoka unameta. Jukwaa la mzunguko limeshajaa nusu, ngoma zimeanza.

Saa 8.35. Fomu iko mbele yangu. Ya kwanza kusaini ni mimi, kisha meneja, kisha mwamuzi.

Vipimo: nimejaza vya leo. Vyote sahihi. Ukivisoma huoni kasoro.

Utelezi: kuna nafasi ya neno moja.

Nimeangalia nafasi ile mpaka herufi zikaanza kuelea. Nikiandika Upo, watauliza wapi, nitawapeleka, watadundisha mpira tena, utapita vizuri tena. Nikiandika Hakuna nitakuwa nimeandika mara ya pili.

Nimegeuza fomu. Nyuma ni karatasi tupu. Nimeandika huko.

Nimeandika udongo. Nimeandika gundi ya seremala. Nimeandika Ijumaa jioni na ndoo mkononi. Nimeandika kwamba vipimo vya tarehe 23 Novemba vilikuwa vya tarehe 22. Jina lake kamili, Valerian, na hatua zake nne. Kisha nikaandika mvua na mwendo wa mstari, safu mbili, tangu tarehe 8 mpaka leo saa sita na dakika arobaini. Mwisho: Lango la milimani lisichezewe. Nikasaini chini ya hayo, si mbele.

Nimeigeuza tena fomu, mbele iwe juu.

Saa 9.05. Bwana Juzer kaingia. Kofia mpya, miwani ya jua, jasho. "Dada Demetria, fomu! Mwamuzi ananisubiri, unaandika riwaya?" Kachukua, kaona mbele hakuna saini. Kaanza kusema kitu. Kageuza.

Anasoma. Naandika huku anasoma, maana sijui nifanye nini na mikono yangu.

Amefika kwenye udongo. Amevua miwani.

Anasoma taratibu sana, mtu ambaye barua zote husoma kwa kusimama. Amefika kwenye safu mbili. Kidole kinashuka na namba, moja moja, midomo inacheza. Amefika chini. Amerudi juu ya safu, ameanza tena.

Sasa amevuta gunia la mchanga, ameketi juu yake na suruali yake nyeupe.

Nilikuwa tayari kwa kufokewa. Nilikuwa tayari aichane.

Anasema, bila kunitazama, "Na wewe unauona?"

Nimemwuliza tangu lini.

"Ile ile Novemba. Toka dirishani juu. Kabla timu hazijaingia."

Ngoma nje. Fomu iko magotini pake, ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Filimbi ya kuita timu imelia, nimeisikia vizuri, na yeye kaisikia, nimeona shingo yake. Hakuna aliyeinuka.

Isack yuko mlangoni. Kavaa glavu moja, nyingine kaibana kwapani. Anatutazama mmoja mmoja.

Anauliza mbona tumekaa.